Jinamizi: macho wazi, mwili umegoma

Wale mmewahi kuamka usiku macho wazi kabisa, unaona pazia, unaskia mbwa wa jirani, na mwili hausongi hata kidole, halafu kuna kitu kimekukalia kifuani, hii ni yenu. Huku Kisumu kila nyumba iko na maelezo yake. Dani wangu, yaani nyanya yangu, nikimwambia huuliza kwanza kama niliomba kabla nilale, halafu anataka niweke Biblia chini ya mto, na mimi sibishani naye juu hata yeye ameshakaliwa si mara moja, anajua vile huwa.

Mimi huuza mafuta usiku kwa pampu hapa Kondele, manake nalala wakati wenzangu wanaenda kazi, na hapo ndio jinamizi hunipenda sana. Ya juzi ilikuwa mlangoni. Sikuona mtu, nilijua tu ako hapo na ananiangalia, na hiyo kujua ni mbaya kushinda kuona. Nikajaribu kuita, sauti ikakataa, nikajaribu kuvuta pumzi kubwa kifua nacho kikakataa, na wakati huo wote nje naskia watoto wanacheza na mama wa mandazi anagombana na mtu juu ya chenji. Dunia inaendelea tu.

Usiku magari yakipungua mimi husoma mambo ya ubongo kwa simu, na hii ndio nimefuatilia kushinda zote. Mwaka wa 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliandika kuhusu usingizi fulani ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na ukimwamsha mtu hapo mara nyingi atakwambia alikuwa anaota. Ndio huo huitwa usingizi wa REM. Hurudi karibu kila baada ya dakika 90 na unarefuka vile unakaribia kuamka. Saa hiyo ubongo unachapa kazi karibu kama wa mtu ako macho, unatoa amri za kukimbia, kurusha ngumi, kila kitu, lakini amri hazifiki. Shina la ubongo, ile sehemu ya chini inaungana na uti wa mgongo, huzizuia: neva za kusukuma misuli zinanyamazishwa kwa kemikali, glisini na GABA. Yanaachwa macho na ule msuli mkubwa wa kupumua ulio chini ya mapafu.

Mfaransa Michel Jouvet, huko Lyon, aliharibu kasehemu ka hilo shina kwa paka, na wale paka wakawa wanainuka wakiwa usingizini, wanawinda vitu havipo. Kwa watu pia iko, Carlos Schenck na Mark Mahowald waliielezea mwaka wa 1986 huko Marekani. Kwa hivyo kama mzee wenu hupiga mateke usiku na kupigana ndani ya ndoto msicheke tu, apelekwe aonwe, juu wengi wao baada ya miaka hupatikana na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, ama ugonjwa wa aina hiyo.

Jinamizi ni kinyume cha hiyo. Wewe umeamka lakini kufuli bado haijafunguliwa, ni kama stima imerudi jikoni na sebule bado giza. Kifua nacho kinaelezeka: misuli ya kati ya mbavu ni kati ya ile imezimwa, ukiitisha pumzi kubwa haikujibu, na ubongo unasoma hiyo kama uzito. Hewa unapata sawa sawa kabisa, ingawa ukiwa hapo hakuna mtu anaweza kukushawishi.

Na yule wa mlangoni? Hapa ndio nywele zilinisimama. Mwaka wa 2006 Olaf Blanke na wenzake huko Uswisi walichapisha habari ya msichana wa miaka 22 mwenye kifafa. Madaktari walikuwa wanapima ubongo wake kwa umeme kidogo kabla ya matibabu, na wakigusa mahali fulani upande wa kushoto, juu ya sikio kuelekea nyuma, anaskia kuna mtu nyuma yake. Akilala, huyo mtu amelala. Akikaa akumbatie magoti, huyo mtu naye anakaa na anamkumbatia, na hakuipenda hata kidogo. Hiyo sehemu ni ya kuunganisha habari za mwili wako uko wapi na umekaa aje, na ikivurugika mwili wako unaweza kukurudia kama wa mtu mwingine. Wengi wanaosoma jinamizi wanashuku kitu kama hicho, pamoja na amigdala, ile ya hofu, ikiwa imeshawaka kabla hujajua unaogopa nini.

Tunaongea juu ya fahamu kama ni kitu kimoja, mtu anayo ama ameipoteza. Enyewe jinamizi inaonyesha hizo ni sehemu sehemu: kuona kumerudi, kuskia kumerudi, kumbukumbu iko, juu kesho utanisimulia, lakini misuli haijarudi na hata mpaka wa wewe na mwingine haujakaa vizuri. Kwa nini zikikutana zote unajiskia wewe ni mtu mmoja, hiyo wanasayansi bado wanabishana.

Si ugonjwa, na si wewe pekee. Tafiti zilizojumlishwa mwaka wa 2011 zilipata karibu watu 8 kati ya 100 wamewahi kuipata, na kwa wanafunzi karibu 28, ambayo hainishangazi ukiona vile watu wa campus hulala. Kukosa usingizi, shifti za kubadilika, stresi na kulala chali huileta zaidi. Lakini kama pia unashikwa na usingizi mchana mpaka unasinzia ukiongea na mtu, ama ukicheka sana magoti yanalegea, hiyo inaweza kuwa narkolepsi, ugonjwa wa usingizi. Nenda hospitali na utaje hizo dalili zote pamoja, juu ukisema tu umechoka utarudi nyumbani na dawa ya kichwa.