Usukani Haushiki Maji

Ilikuwa tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Bahari ya Matondoni ilikuwa shwari, maji yamekupwa, nami nimesimama nyuma ya jahazi linaloundwa, mkononi nina ndege niliyoichonga kwa maboksi meupe ya samaki.

Nilikuwa nimeona picha za Osprey, ndege ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza 1989. Hupaa wima kama helikopta, kisha mota zake hulala mbele, mbawa zikaibeba. Kisiwani Lamu pa kukimbizia ndege ni taabu: hapa vichochoro, pale minazi, kule mikoko. Yangu niliitaka ipae pale pale iliposimama. Mota mbili niliziweka mbele ya mbawa, kila moja na sevo, kijimota cha kuigeuza nyuzi 90. Ya tatu mkiani, kazi yake kunyanyua tu. Pangaboi za mbele huzunguka kinyume, moja kulia moja kushoto, la sivyo ndege yenyewe itataka kuzunguka.

Kupaa, ilipaa. Ilitulia kimo cha mnazi mchanga, nikasikia raha mpaka kooni. Nikabonyeza swichi. Mota zikalala kwa mkupuo mmoja. Mbele hapakuwa tena na cha kuinyanyua, na mbawa hazijapata upepo wa kuzibeba. Ikazama pua kwanza. Bawa la kushoto lilikatika penye sevo, uzi wa shaba umechomoza kama mwiba wa samaki.

Mjomba, fundi wa vyombo, aliweka tezo chini akaja.

"Ulipozigeuza, ilikuwa inakwenda?"

"Hapana, ilikuwa imesimama."

"Basi, mjomba. Chombo kisipokuwa na mwendo, usukani haushiki maji."

Nililia usiku ule, kisha nikafungua programu inayoiongoza ndege. Mota zishuke nusu kwanza, nyuzi 45, zisukume huku bado zinanyanyua. Nyuzi 45 zilizobaki zishuke polepole, na ya mkiani ipungue kwa kadiri mwendo unavyoongezeka. Bawa nililiunga kwa gundi na kijiti cha fito.

Siku ya tatu tulirudi. Ilipaa, mota zikainama, ikaanza kujongea kuelekea mikokoni. Nikasubiri, kidole kimeganda. Mlio wa mota ya mkiani ukafifia, ukafifia, ukanyamaza. Ndege haikushuka hata shubiri.

"Imeshika," mjomba alisema, akaokota tezo lake.