Nilivyopanga kwenda kusoma Ujerumani bila kupitia kwa mama mdogo

Watu wakisikia msagaji wa Mombasa amekwenda kusoma Ulaya, hudhani shughuli yote ilikuwa kutafuta nchi yenye sheria nzuri. Kwangu hilo lilikuwa jepesi. Kwetu Kenya kifungu cha 162 cha kanuni za adhabu, kinachotumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja na chenye kifungo cha hadi miaka 14, kipo palepale. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Ujerumani watu wa jinsia moja wanaoana tangu Oktoba 2017, na vyuo vingi vya umma havitozi karo. Nchi nikawa nimeipata. Kilichoninyima usingizi ni mama mdogo wa Hamburg.

Kwa wasioijua Pwani: kutoka Mtwapa hadi Diani, ni familia chache zisizo na shangazi, binamu au jirani aliyeolewa na Mjerumani. Wetu yuko Hamburg miaka mingi, ana roho nzuri, na ndiye aliyenilipia karo ya sekondari. Ila yumo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na anachokiona yeye asubuhi, mama yangu Kisauni anakijua kabla ya adhuhuri. Nilipotaja Ujerumani tu, simu ikaingia. Chumba kipo, akasema, na karatasi ya kunidhamini ataisaini mwenyewe.

Karatasi hiyo ipo kweli. Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung: mwenyeji anaahidi serikali kwamba atabeba gharama zako, nawe unaepuka kuonyesha pesa zako kwenye ombi la viza. Kwa mwanafunzi mwingine ni neema. Mimi niliona kwamba anayenidhamini ana haki ya kuuliza ninalala wapi na ninatembea na nani, na siku akisikia asilopenda, masomo yangu yatakuwa mkononi mwake. Nikajiwekea sharti kwamba pesa ziwe zangu, chumba kiwe changu, na mji uwe mbali na Hamburg. Kila uamuzi uliofuata ulipimwa kwa sharti hilo.

Pesa ndizo zilizoniumiza. Asiye na mdhamini wala ufadhili hufungua akaunti ya kuzuia, Sperrkonto, anaweka pesa za mwaka mzima, na akishafika anaachiwa sehemu yake kila mwezi. Wakati wangu kiwango kilikuwa yuro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Kwa pesa zetu ni zaidi ya milioni moja na laki sita. Nilikuwa na akiba kwenye Sacco ya kazini, na Sacco yetu hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Wadhamini wangu wa mkopo huo walikuwa wafanyakazi wenzangu. Walichojua ni kwamba nakwenda masomoni, basi. Nilipoacha kazi nikaingia mkataba wa kulipa kila mwezi kupitia benki. Deni naendelea kulilipa kwa kazi ya muda, kwa sababu mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Linabana, lakini Sacco haiulizi nimelala wapi.

Mji nilichagua Köln. Gwaride lake la Christopher Street Day, la wasagaji, mashoga na wenzao, ni miongoni mwa makubwa Ulaya, lakini gwaride ni la siku chache tu. Nilitaka kujua siku za kawaida zikoje. Vyama vya wanafunzi huko huitwa AStA, na katika vyuo vingi vina dawati la wanafunzi LGBT. Nikafungua anwani mpya ya barua pepe isiyo na jina langu, nikauliza yale ambayo tovuti ya chuo haisemi. Je, Mwafrika akienda kwenye vikao vyao anajikuta peke yake? Wakenya wa hapo wanajumuika wapi, ili nijue pa kuingia kwa tahadhari? Niliandika waziwazi kwamba mimi ni msagaji na pia ni mweusi, na mji unaweza kukupokea kwa moja ukakusumbua kwa jingine. Aliyenijibu hakunipambia maneno. Alisema nyumba ni shida kubwa kuliko yote, na nianze kutafuta hata kabla ya viza.

Kwenye ombi la chuo hakuna aliyeniuliza napenda nani. Rafiki alinishauri niweke maisha yangu kwenye barua ya kujieleza, eti yatawagusa. Nilikataa. Niliandika kuhusu maji, ndiyo fani yangu: Mombasa inaletewa maji kutoka Mzima na Baricho, na bado Kisauni watu wananunua ya mitungi. Tena barua hiyo niliichapishia cyber, na kompyuta za cyber zetu hazisahau kitu. Faili la mteja wa juzi unalikuta limekaa kwenye skrini na jina lake.

Mama naye alikuja na hoja yake. "Mwanangu, kwa nini ulipe kodi na nyumba ya mdogo wangu ipo?"

"Mama, Hamburg na Köln ni saa nne za treni. Ni kama nikae Mombasa nisome Nairobi, kila siku nipande SGR."

Hapo akanyamaza. Ubalozini, Riverside Drive, mama wa dirishani aliniuliza kama nina jamaa Ujerumani. Nilisema ninaye, yuko Hamburg. Mbona sikai kwake? Nikampa jibu lilelile la treni, na lilikuwa kweli.

Wapo walioniambia niache kuhangaika na akaunti, nikifika niombe hifadhi. Siwalaumu wanaoifuata njia hiyo, wengine hawana nyingine. Lakini aliyepewa hifadhi akirudi alikokimbia anaweza kuipoteza, nami nilitaka siku mama akiugua niweze kupanda ndege.

Nyumba ilipatikana kwa bahati tu. Wajerumani vijana hukodi nyumba pamoja, kila mtu na chumba chake, na matangazo mengine huandikwa FLINTA, maana yake ni ya wanawake, wasagaji, waliobadili jinsia na wenzao, wanaume hapana. Nilihojiwa kwa video kama niko kwenye usaili wa kazi: unapika nini, unaamka saa ngapi, utaosha choo? Nilipopata, nikamwambia mama naishi na wasichana watatu na mwanamume haruhusiwi kupanga. Alifurahi kuliko nilivyofurahi mimi. Akampigia mdogo wake Hamburg kumtangazia.

Mama mdogo alikuja kunitembelea majira ya joto, akaleta unga wa mahindi na mafuta ya nazi. Nilimpokea stesheni, tukala, tukapiga picha mbele ya kanisa kuu, akalala hotelini kwa hiari yake. Kwenye kundi la ukoo picha zikapongezwa hadi usiku.

Nikihitimu nina miezi 18 ya kutafuta kazi. Mama akiuliza kuhusu kuolewa namwambia nasoma kwanza. Baada ya hapo nitamwambia natafuta kazi.