Papai lililovaa miwani ya jua

Nilipoanza kwenda kulenga shabaha kwa bastola hapa Kampala, kila mtu aligeuka fundi wa miwani ya kukinga macho. Afande mmoja mstaafu, tunayemheshimu sana pale uwanjani, akaniambia, "Kijana, sisi jeshini tumefyatua miaka yote macho makavu. Lakini ukitaka, nenda Owino utafute miwani ya jua yenye kioo kizito, mambo yaishe." Nikaitikia "Ndiyo, afande," maana mkubwa habishiwi. Lakini kioo, tena kizito? Kikipasuka si ndicho kitakachoingia jichoni!

Muuzaji wa Kikuubo naye akaapa kwamba miwani yake ya jua haipitishi risasi. Mwongo. Miwani ni ya kuzuia vipande vya risasi vinavyorudi kutoka kwenye shabaha ya chuma, chembe za baruti na ganda la risasi lenye moto. Risasi yenyewe ikija, miwani haina la kusema.

Basi nikainunua ile ya muuzaji, nikachukua na nyingine yenye alama ya Z87+, kiwango cha Marekani cha miwani ya usalama, kwenye duka la vifaa vya kazini, pale wanapouza kofia ngumu na gambuti. Haikufika elfu hamsini. Nikatafuta papai, nikalivisha ya jua na kuikaza kwa mpira wa baiskeli. Manati ya mpwa wangu, gololi za beringi mbovu kutoka Katwe, nami nyuma ya nyumba nimejipanga kama niko mashindanoni. Gololi za mwanzo ziligonga bati la choo. Mama wa jirani akachungulia: "Baba, hilo papai limekukosea nini?" Sikujibu, nilikuwa nimebana pumzi. Ikapiga! Lenzi ikapasuka, na kipande kirefu kikasimama wima ndani ya nyama ya papai, pale pale jicho lingekuwa. Mama akasema "Yesu!" akarudi ndani.

Nikaligeuza upande mzima, nikalivisha ile ya Z87+. Gololi ikadunda. Kwenye lenzi kikabaki kidoa cheupe tu, papai halikuwa hata na mchubuko. Hiyo niliyoipiga sikuivaa tena, nikanunua ya pili ya aina ile ile.

Ile alama ya kujumlisha ndiyo yenye maana: lenzi imejaribiwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6.35 inayokwenda mita 45 na kitu kwa sekunde. Za Ulaya za kiwango cha EN 166 chenye herufi F, mwendo ni karibu ule ule. Za kijeshi, za kiwango cha jeshi la Marekani MIL-PRF-32432, hujaribiwa kwa mwendo mkali zaidi, na bei yake pia ni kali. Tazama alama kwenye lenzi na kwenye fremu, zote mbili. Ila alama hata tapeli anaweza kuichapa, ndiyo maana napenda papai.

Lenzi kwa kawaida ni polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, na hata ikiwa nyeupe kabisa inazuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, kwa hiyo usidanganywe kwamba nyeusi ndiyo inayokinga zaidi. Nyeusi ni ya jua la saa saba. Njano naivaa mawingu yakitanda.

Vikono vya miwani viwe vyembamba, la sivyo vifuniko vya masikio vinaachia mwanya na mlio unakuingia wote. Na kofia yenye ukingo usiisahau: ganda la moto likitumbukia kati ya nyusi na lenzi, utacheza ngoma huku umeshika bastola. Kuosha ni maji na sabuni. Spiriti na pindo la shati uziachie miwani ya muuzaji wa Kikuubo.