Kuunganisha maneno kwenye C: hesabuni baiti kwanza

Wadogo zangu wa Arusha na Moshi mnaojifunza lugha ya programu ya C, kabla ya kuita strcat, funksheni inayobandika neno moja mwishoni mwa jingine, hesabuni nafasi. "Arusha" ni herufi 6, kistari 1, "Moshi" 5: jumla 12. Lakini safu (array) ya kuyahifadhi inahitaji baiti 13, maana kila mfuatano wa herufi hufungwa na '\0', alama ya mwisho inayochukua baiti moja. Ukiandika char njia[12], alama hiyo ya mwisho inaangukia kumbukumbu isiyo yako. Kibaya zaidi, programu inaweza kuonekana nzima kwako, ikaja kuanguka kwa mteja.

strcat haijui ukubwa wa safu. Inatafuta '\0' ya kwanza na kuanza kumwaga hapo, kwa hiyo safu isiyopewa thamani ni hatari. Anza na char njia[13] = "";

Mimi napendekeza snprintf, inayoandika kwenye safu bila kuvuka ukubwa unaoitajia (hapa a ni "Arusha", b ni "Moshi"):

int n = snprintf(njia, sizeof njia, "%s-%s", a, b);

n ikiwa hasi, kuna hitilafu; ikifika 13 au zaidi, maneno yamekatwa. Hapa watu wengi huteleza: ndani ya funksheni iliyopokea safu kama pointa (yaani anwani yake tu kwenye kumbukumbu), sizeof hutoa ukubwa wa pointa, mara nyingi 8. Pitisheni ukubwa halisi kama hoja ya pili ya snprintf.