Mwili Unataka Kukimbia

Vyuma vikikaza, wa kwanza kujua ni mwili wangu. Kabla sijakaa chini kupiga hesabu za mwezi, meno yameshabanana, mabega yamepanda karibu na masikio, na usingizi unakatika usiku wa manane kichwa kikiwa tayari kinajumlisha na kutoa. Kodi, ada, rejesho la mkopo, halafu kodi tena. Hesabu inazunguka na jibu ni lilelile.

Msongo wa namna hii una makali yake kwa sababu hauna mahali pa kwenda. Mtu akishtuka, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, ini likaachia sukari kwenye damu, moyo ukaongeza kasi, misuli ikakaza. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mengi ya haya tangu 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Lakini ujumbe wa kukumbushwa deni unanikuta nimekaa kitini na simu mkononi. Ni kama gari lililowashwa, mafuta yanaungua, injini inanguruma, na limesimama palepale. Siku moja si neno. Miezi ikipita hivyo, usingizi unaharibika, presha inapanda, na watu wa nyumbani wanaanza kuongea nami kwa tahadhari. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa nje.

Kwa hiyo natembea. Natembea haraka, mikono ikipiga, kama mtu anayechelewa miadi. Mvua ikinyesha, naruka kamba ndani au nachuchumaa na kuinuka hadi mapaja yawake moto. Niseme ukweli, dakika za mwanzo ni ngumu kuliko kukaa. Mawazo yanakuja kwa fujo, kila deni linataka kusemwa kwanza. Kisha pumzi inaanza kudai haki yake. Nikishaanza kuhema, hesabu inakatika katikati, bado sijafika kwenye jumla, na nagundua ngumi niliyokuwa nimeikunja bila kujua imefunguka, taya limelegea. Hapo naongeza mwendo.

Wengi huisifu endofini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu, kwa nafuu hiyo, lakini endofini za kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Wanasayansi sasa wanazitazama zaidi endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe na ambazo hupanda mtu anapofanya mazoezi na kufika kwenye ubongo bila shida. Kwangu mimi inatosha kujua kwamba nafuu ile ni kazi halisi ya mwili.

Nasikia watu wakisema mazoezi ni starehe ya wenye nafasi, na pesa ikipungua ndiyo ya kwanza kukatwa. Ada ya jimu ikatwe, sawa, hata mimi ningeikata. Ila miguu haidai ada. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na hata kidogo kuliko hapo ni bora kuliko kukaa. Kipimo cha wastani hakihitaji saa ya mkononi: uwe unaweza kuongea, lakini kuimba kukushinde.

Ushauri huu sithubutu kumpa anayebeba mizigo kutwa nzima. Huyo ameshatoa jasho lake, na jasho la kulazimishwa, bila kuchagua kasi wala wakati wa kupumzika, haliutulizi moyo kama la hiari. Anahitaji kula, kulala, na ujira unaolingana na kazi yake. Vilevile anayepunguza milo ili watoto wapate asijitese kwa mazoezi makali, mwendo wa polepole unamtosha. Kifua kikibana, simama na utafute tabibu. Na ukiona maisha hayana tena maana, usibaki na hilo peke yako, mwambie mtu leo hii.

Deni naliacha nyumbani nikitoka, na nikirudi nalikuta. Kinachobadilika ni mimi ninayelikuta. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani na wenzake ulioonyesha kwamba mawazo ya upungufu wa pesa huielemea akili hata uwezo wa kufikiri ukapungua kwa wakati ule. Naliamini hilo kwa kuliishi. Nikiwa nimebanwa, naahirisha kupiga simu ninazopaswa kupiga, na riba haisubiri. Nikitoka kutembea, jasho halijakauka, nafungua daftari, naandika nani anadai nini na lini, kisha nampigia yule ninayemwogopa zaidi kuomba tupange upya marejesho. Mara nyingine anakataa. Lakini nimeongea naye kwa sauti yangu ya kawaida, na sasa najua cha kufuata.

Siku hizi sitoki peke yangu. Rafiki yangu alipunguzwa kazini, akaacha kupokea simu za watu. Nikamwandikia tu kwamba napita kwake jioni, avae viatu. Tulitembea kimya muda mrefu. Nadhani kutotazamana usoni kulimsaidia, kwani tulipofika kwenye kilima alianza kusema mwenyewe, kwa vipande vipande, mambo ambayo hata mkewe alikuwa hajaambiwa. Sikuwa na ushauri. Nilipunguza mwendo tu ili apate pumzi ya kuongea.

Kesho tunatoka tena. Ameniahidi atakuja na ile barua ya mkopo ambayo hajaifungua, tuisome pamoja tukirudi.