Besiboli ilivyojilipia, na kidoli kilichorudi kikiwa si changu

Tiketi ya besiboli si ghali. Ndivyo ninavyowaambia ndugu wanaohamia Maryland wakidhani kwamba kuingia uwanjani kuangalia ligi kuu ya Marekani ni starehe ya wenye nazo. Ligi ina timu 30, kila timu inacheza michezo 162 katika msimu wa kawaida, na nusu yake, yaani 81, inachezwa nyumbani. Ukiwa na siku 81 za kujaza uwanja wa watu zaidi ya elfu arobaini, huwezi kuringa kila siku. Jumanne ya Aprili, baridi bado inauma na timu ngeni haina mvuto, kiti cha ghorofa ya juu unakipata kwa pesa ya sahani moja ya chakula mgahawani. Kinachokausha mfuko ni vile vinavyoizunguka tiketi: maegesho, soda, soseji, kofia ya mtoto, na makato ya huyo aliyekuuzia.

Sisi tunakwenda Baltimore, kwenye uwanja wa Camden Yards, nyumbani kwa timu ya Orioles tangu 1992. Kwa mtu wa kazi za zamu kama mimi, uwanja huu umetuonea huruma. Wanaruhusu kuingia na chakula chako, hata vinywaji visivyo na kilevi ilimradi chupa haijafunguliwa. Mke wangu anakaanga sambusa kabla hatujatoka, na mzee mmoja anayekaa safu ya mbele yetu siku hizi huuliza kwanza kama zimeletwa, halafu ndiyo asalimie. Treni ya mjini inasimama karibu kabisa na lango, hivyo gari tunaliacha kituo cha pembezoni ambako kuegesha ni bure. Tena mwaka 2018 Orioles walianzisha mpango ambao mtu mzima akinunua tiketi ya ghorofa ya juu anaweza kuingia na watoto wawili wa miaka 9 kushuka chini bila kuwalipia. Wangu walikuwa bado kwenye umri huo. Ukijumlisha hayo yote, familia inatoka nyumbani na kurudi kwa gharama ya kwenda sinema, na mchezo unachukua jioni nzima.

Lakini mimi nilitaka kwenda mara nyingi, si mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo biashara ilipoanza.

Jirani yangu, Mkenya wa Eldoret, alinifuata mwanzoni mwa msimu. "Kaka, tushikane tununue viti vya pamoja, vile vya michezo mingi kwa mkupuo. Tukishindwa kwenda, tunauza." Shemeji yangu akaingia wa tatu. Ukinunua kwa mkupuo unapata nafuu kwa kila kiti, na unajua utakaa wapi. Tatizo ni kwamba siku nyingi kati ya zile hutaweza kwenda, na tiketi ya besiboli mchezo ukishapita ni karatasi tu. Siku hizi hata karatasi si karatasi, ni picha kwenye simu.

Kanuni tuliyoishika ni hii: siku nyonge tunakaa wenyewe, siku nono tunauza. Watu wengi hufanya kinyume. Wanabaki na tiketi ya siku ambayo New York Yankees au Boston Red Sox wanakuja mjini, halafu wanajaribu kuuza ile ya Jumanne ya baridi. Haiuziki. Sokoni kuna maelfu ya viti vya Jumanne ile, na kadiri saa ya mchezo inavyokaribia ndivyo wauzaji wanavyoshusha bei. Siku ya Yankees ni kama Simba na Yanga pale kwa Mkapa, kila mtu anakumbuka ghafla kwamba ni shabiki. Klabu zenyewe zinalijua hilo. San Francisco Giants ndio waliotangulia mwaka 2009 kupandisha na kushusha bei ya viti kulingana na mahitaji, kama yafanyavyo mashirika ya ndege, na sasa mtindo huo umeenea. Kwa hiyo kile kiti tulichokinunua kwa bei ya mkupuo kilikuwa kinauzwa maradufu siku ya Yankees, na pesa ile ililipia Jumanne zetu kadhaa.

Angalieni makato. Masoko makubwa ya tiketi yanamkata mnunuzi na yanamkata muuzaji pia, na mengi hayakulipi mpaka mchezo upite. Afadhali sasa mnunuzi anaona bei yote tangu mwanzo: kuanzia Mei 12, 2025 sheria ya serikali kuu inalazimisha bei ya tiketi kuonyeshwa pamoja na ada zake zote za lazima. Maryland ilitangulia. Kuanzia Julai 2024 hapa ni marufuku pia kumuuzia mtu tiketi ambayo wewe mwenyewe bado huna.

Halafu kuna vidoli. Msomaji wa Dar au Mombasa huenda hajawahi kuviona: ni sanamu ndogo ya mchezaji, kichwa kikubwa kuliko mwili, kimekaa juu ya springi ili ukikigusa kitikisike. Klabu zinavigawa bure siku maalumu kwa maelfu ya kwanza wanaoingia. Mtindo wa kuvigawa uwanjani ulishika kasi baada ya Giants kugawa cha Willie Mays mwezi Mei 1999. Kuna watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wanaovikusanya kabatini kama nyara. Siku ya kidoli foleni inaanza mapema, na ukiingia watu wanne unatoka na vidoli vinne. Nyumbani kinatosha kimoja. Vingine vinakwenda sokoni mtandaoni, na cha mchezaji mpendwa kinaweza kuuzwa kwa bei inayopita ya tiketi iliyokuingiza.

Kimoja kati ya hivyo ndicho kilichoniletea kesi. Nilikiuza dola 60 kwa mtu wa jimbo la mbali. Siku chache baada ya kukipokea akafungua malalamiko: kimefika kimevunjika shingo, anataka pesa yake yote na kidoli abaki nacho, maana "hakina faida tena." Akaambatisha picha moja iliyopigwa kwa juu, shingo imekatika, springi imejitokeza.

Mimi nina ugonjwa wa kupiga picha kabla ya kufunga mzigo. Kila upande, na chini pia. Kidoli nilichotuma kilikuwa na tone la rangi ya chungwa chini ya kitako chake, karibu na kisigino cha kushoto, mahali ambapo brashi ya kiwandani iliteleza. Picha ninayo. Nikamwomba kwa adabu anipigie picha ya chini. Kimya. Nikaomba tena, akajibu kwamba mimi ni tapeli na ataniripoti.

Katika hali hiyo wauzaji wengi hurudisha pesa ili kumnyamazisha mtu. Mimi nilibonyeza kitufe cha kukubali mzigo urudishwe, nikalipia posta ya kurudi mwenyewe. Inauma kulipa dola kadhaa kwa mtu unayemshuku, lakini ukigoma, soko linakuhukumu kwamba umekataa kumhudumia mteja, na pesa inakatwa hivyo hivyo. Mzigo ukirudi, mzigo wenyewe unasema.

Ulirudi. Niliweka simu juu ya kopo la unga, nikawasha video na sikuikatisha hata mara moja: lebo ya posta, mizani ya jikoni, mkasi, utepe unakatwa, kidoli kinatoka, kidoli kinageuzwa. Chini ni safi kabisa, hakuna tone lolote. Risiti ya posta ya kwenda ilisema paundi 1 na aunsi 6, sanduku likiwa ndani. Mzigo uliorudi haukufika hata paundi 1 na aunsi 2, na sanduku la kidoli halikuwemo. Alikuwa na chake kilichovunjika tangu zamani, akataka kizima cha bure.

Maelezo niliyowapa soko yalikuwa mistari minne. Nilichotuma, picha namba moja. Kilichorudi, dakika fulani ya video. Uzito wa kwenda, uzito wa kurudi. Naomba uamuzi. Sikumwita mwizi, sikueleza kwamba nina watoto, sikuandika herufi kubwa. Yule anayesoma ana mafaili mia mezani, na anayempa kazi rahisi ndiye anayesikilizwa. Wakaamua pesa ibaki kwangu.

Nikadhani yamekwisha. Wiki kadhaa baadaye soko likanijulisha kwamba mnunuzi amekwenda benki iliyompa kadi na kulalamika upya. Hii wengi hawaijui: Marekani mwenye kadi ya mkopo ana haki ya kupinga malipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1974, na malalamiko hayo hayana habari na uamuzi wa soko. Ile dola 60 ikashikiliwa. Nikatuma faili lile lile, nikaongeza uthibitisho wa posta kwamba mzigo ulifikishwa kwenye anwani yake, na uamuzi wa kwanza wa soko. Jibu lilipokuja lilikuwa sentensi moja, kwamba fedha zimerejeshwa kwa muuzaji. Nilimsomea mke wangu, akauliza, "Basi? Hata samahani hawasemi?"

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na biashara ya mtandaoni ni daftari tupu. Kwenye PayPal mnunuzi ana hadi siku 180 kufungua malalamiko, kwa hiyo picha zangu hazifutwi kabla ya hapo. Kwa mauzo ya dola 750 na kuendelea, PayPal na eBay zote zinataka saini ya mpokeaji ndipo zikulinde. Sifiki huko kwa vidoli, lakini shemeji aliuza jezi yenye saini ya mchezaji na alihakikisha saini ya posta ipo. Jezi yenyewe ilikuwa na ile stika ya hologramu ya ligi, ambayo namba yake mnunuzi anaihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya ligi. Mpango huo ulianza 2001, na wanaozibandika ni watu waliotoka polisi kwa wingi. Kitu chenye stika hakina ubishi wa "si halisi," na bei yake inaonyesha.

Kesi za tiketi ni nyepesi zaidi. Kijana mmoja aliyenunua viti vyetu vya Jumapili alidai hakuvipata. Programu ya klabu inaandika saa ambayo tiketi imetumwa na saa ambayo imepokelewa. Nilimtumia picha ya ukurasa ule, na hakuandika tena. Waliotaka kunilipa kwa njia ya kutumiana pesa kama ndugu na marafiki niliwakatalia, ingawa inaokoa makato. Anayenunua kwa njia ile hana ulinzi, na mtu asiye na ulinzi akipata wasiwasi hukufuata hadi kazini.

Nikimsimulia jirani habari ya tone la rangi, hucheka na kunikumbusha mpira wa Barry Bonds, mchezaji wa Giants. Oktoba 2001 Bonds alipiga pigo lake la 73 la kuutoa mpira nje katika msimu mmoja, rekodi. Shabiki mmoja aliugusa kwa glavu, umati ukamvamia, na mwingine akaibuka nao. Walikwenda mahakamani. Desemba 2002 jaji aliamua mpira uuzwe na pesa igawanywe nusu kwa nusu. Mwaka uliofuata uliuzwa dola 450,000, mbali sana na mamilioni yaliyokuwa yakitajwa, na mawakili nao walikuwa wakisubiri kulipwa. Mpira wa pigo la 50 la Shohei Ohtani, Septemba 2024, nao uligombewa mahakamani, lakini ule uliuzwa karibu dola milioni 4.4. Mimi nimegombea dola 60 na sikumlipa wakili.

Kodi nayo ipo. Sheria ya Julai 2025 ilirudisha kiwango cha zamani, kwamba soko linapeleka taarifa zako serikali kuu ukizidi dola 20,000 na mauzo 200. Maryland ina kiwango chake, dola 600, na kiwango hicho unakifikia bila kujua. Faida ni kipato hata kama fomu haikuja. Tiketi uliyoiuza kwa hasara haikutozi kitu, mradi una risiti ya uliyonunulia. Kidoli cha bure hakina risiti ya kuonyesha.

Msimu huu tumenunua tena, lakini michezo michache zaidi na siku za vidoli zote zimo. Jirani anataka viti vya chini, karibu na wachezaji. Nimemwambia ghorofa ya juu ndiko watoto wanakoingia bure. Akaniuliza mtoto wangu mdogo ana miaka mingapi sasa. Anatimiza 10 mwezi Agosti, kwa hiyo mjadala huo tutaumaliza kabla ya hapo.