Friji ndiyo iliyonifundisha kuimba

Nikiwa na miaka 9 niliambiwa nifungue mdomo tu, nisitoe sauti. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya ya shule, tumepangwa mistari mitatu, wafupi mbele. Kuna sauti moja ilikuwa inaharibu wimbo, na mwalimu alipita akitega sikio kwenye kila mdomo kama fundi anayetafuta mahali bomba linapovuja. Alipofika kwangu akasimama. "Kumbe ni wewe," akasema, bila ukali hata kidogo. "Wewe fungua mdomo tu, mwanangu." Akaendelea na kazi yake. Lile neno "mwanangu" ndilo lililouma zaidi.

Leo watu wakinisikia nikipiga gitaa jioni huuliza nilisomea wapi muziki, au kama wazazi wangu walikuwa wanamuziki. Mimi ni mhasibu. Nyumbani kwetu hapakuwa na ala ya aina yoyote mpaka kaka yangu alipoleta gitaa lenye nyuzi nne badala ya sita. Na hata hilo lilikuta mambo yameshaanza.

Yalianzia chini ya cherehani. Mama alikuwa akishona, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Pembeni mwa kanyagio palikuwa na nafasi inayomtosha mtoto mmoja aliyekunja magoti, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa naweka kiganja kwenye mguu wa chuma wa meza na kusikia mdundo ukipanda mkononi: taratibu anapoanza mshono, haraka akishika pindo refu, kisha kimya cha ghafla kwenye kona, mguu umesita, nguo inageuzwa, halafu tunaanza tena. Nasema tunaanza kwa sababu ndivyo nilivyoamini, kwamba tunashona wawili. Muda wote huo alikuwa anaimba, ila midomo imefungwa kwa kuwa pini zilikuwa katikati ya meno. Ndiyo maana nyimbo nyingi za utotoni nilizipata bila maneno. Kuna mmoja naujua mpaka pale anapopaswa kuvuta pumzi, na mpaka leo sijui unasema nini.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ambao ulinirudisha chini ya meza ile. Watoto wa miezi 7 walisikilizishwa mdundo usio na mkazo popote, ambao unaweza kuuhesabu kwa mbili au kwa tatu upendavyo. Wakati wakisikiliza, baadhi yao walirushwarushwa mikononi kwa kila pigo la pili, wengine kwa kila pigo la tatu. Baadaye wakapigiwa mdundo uleule ukiwa umetiwa mkazo, na watoto wakapendelea kusikiliza ule uliolingana na jinsi walivyorushwa. Waliokuwa wakitazama tu mtu mzima akirukaruka hawakuonyesha upendeleo huo. Lazima mwili wa mtoto mwenyewe uwe umetikiswa. Nilipomaliza kusoma nilijikuta nimeweka kiganja juu ya meza.

Basi, siku ile ya kwaya nilirudi nyumbani nikakuta hakuna mtu. Nikaingia jikoni kunywa maji. Friji yetu ilikuwa ya zamani, ya kelele. Ikianza kuvuma, vikombe vilivyokaa juu yake vilikuwa vinagongana. Nikaegemeza paji la uso kwenye mlango wake, maana uso ulikuwa umenipanda moto kwa kuzuia kilio njia nzima. Na kwa mazoea tu, bila kufikiria, nikafanya kama mama: mmmm.

Sauti yangu na ya friji hazikupatana, na kule kutopatana kulikuwa kunasikika kabisa. Wau-wau-wau-wau, haraka haraka, kama kitu kinachotetemeka kati ya meno yangu na bati. Nikashusha sauti kidogo. Mtetemo ukawa wa polepole: wau, wau, wau. Nikashusha tena, kidogo kuliko unene wa uzi. Wau. Halafu kimya kirefu. Wau. Kisha ukaisha, na sauti yangu ikapotea. Koo lilikuwa bado linafanya kazi, nalisikia kwa vidole, lakini masikioni palikuwa na friji tu, friji iliyonenepa ghafla. Nikashtuka nikanyamaza. Friji ikakonda tena. Nikaanza upya.

Nadhani nilikaa pale mpaka friji ilipojizima yenyewe, kama zinavyofanya. Nikakaa sakafuni kuisubiri iwake.

Miaka mingi baadaye nilikuja kuelewa kilichotokea. Umeme wetu ulikuwa ule wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mota ya friji inayotumia umeme wa namna hiyo huvuma zaidi kwa mara mbili yake, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Ni juu kidogo tu ya noti ya muziki iitwayo G, ile ya chini yenye mitetemo 98. (Marekani, ambako umeme ni wa mizunguko 60, ningefundishwa noti nyingine kabisa.) Koo la mtoto halifiki chini huko, lakini ndani ya mvumo mmoja mna mingine iliyopandiana, 200, 300 na kuendelea, na mimi nilikuwa nimedandia ile ya 200. Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana, sikio husikia zikiyumba kwa idadi ya tofauti yao: ukiimba 204 juu ya 200 utasikia mawimbi 4 kwa sekunde, ukiimba 201 utasikia moja. Ukiipata yenyewe, hakuna kinachoyumba. Kwa hiyo masikio yale yaliyokataliwa shuleni asubuhi, mchana yalikuwa yanakamata tofauti ya mtetemo mmoja kwa sekunde.

Sasa kwa nini shuleni yalishindwa? Nimelifikiria sana hili, pengine kuliko linavyostahili. Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito. Alikuwa anatupa noti ya kuanzia kwa sauti yake mwenyewe, oktava nzima (noti ileile, ila kwa nusu ya mitetemo) chini ya mahali tulipotakiwa sisi kuimba. Wenzangu walijua, bila kuambiwa, kwamba wanatakiwa kuipandisha. Mimi nilikuwa mtiifu. Nilijaribu kushuka mpaka alipo, koo likagoma njiani, na pale lilipogomea ndipo nilipobaki nikiimba kwa nguvu zangu zote. Hata leo nikisikia mwanamume anamwimbisha mtoto mdogo, natega sikio kuona kama mtoto anatafuta oktava yake au anazama. Na jambo la pili ni muda. Mwalimu alinipa sekunde mbili. Friji ilinipa robo saa nzima, na haikuchoka wala kutikisa kichwa.

Sikumwambia mtu, hata mama. Niliendelea na kwaya nikifungua mdomo tu, kama nilivyoagizwa, na nyumbani niliendelea na masomo yangu ya jikoni. Siku moja nilipandisha sauti mpaka karibu ya kupiga kelele nikakuta kuna mahali pengine, juu kabisa, ambapo friji inanimeza tena vilevile. Ni mitetemo 400, oktava ya pili juu ya ule mvumo wake wenyewe, lakini mimi nilichojua ni kwamba nyumba ina milango miwili ya kuingilia. Hiyo ndiyo siku nilipojua oktava ni kitu gani, na neno lenyewe nililisikia baada ya miaka mitano hivi.

Kurudi kuimba nilirudi kwa hila. Nilihama mstari, nikajipenyeza karibu na msichana mmoja mwenye sauti iliyonyooka kama rula, nikaacha kabisa kumsikiliza mwalimu. Nilikuwa namfuata yeye kwa sauti ndogo, midomo karibu ifungwe, nikisikilizia ile wau-wau kati yetu. Ikiyumba nasogea, ikitulia nakaa. Wiki chache baadaye nilikuwa naimba kwa sauti ya kawaida. Mwalimu alipita mbele yetu mara nyingi tu akiwa ameinamisha sikio, na hakuwahi kusimama tena. Wala hakukumbuka kwamba yeye mwenyewe alishamnyamazisha mtu.

Kaka aliporudi na lile gitaa nilikuwa na miaka 12. Nyuzi mbili nyembamba zilikuwa zimekatika na mwenyewe alikuwa amejifunza kutyuni kwa rafiki yake siku hiyohiyo, kwa hiyo alinifundisha kwa majivuno ya mtu aliyejua kitu tangu asubuhi. Unabana uzi mnene kabisa kwenye freti ya tano, yaani kile kichuma cha tano shingoni mwa gitaa, unaupiga, kisha unapiga uzi unaofuata ukiwa wazi. Vikifanana, tayari. Akapiga zote mbili kwa pamoja.

Wau-wau-wau.

"Mbona hii naijua," nikamwambia.

"Unaijuaje?"

Nikachukua gitaa, nikazungusha kikazio taratibu mpaka mawimbi yakawa marefu, yakawa marefu zaidi, yakalala. Kaka alinitazama. Alilichukua, akalegeza nyuzi zote kwa makusudi, akaniambia rudia, akatoka nje kabisa ili nisimwone akichungulia. Niliporudia akauliza nani amenifundisha. Nikasema friji. Alicheka mpaka akakaa chini, na kwa muda mrefu ndiyo ikawa jina langu pale nyumbani. Tulipopata nyuzi zilizopungua nikagundua kwamba mahali pamoja kanuni yake inavunjika, kati ya uzi wa tatu na wa pili ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, ambapo unabana freti ya nne na si ya tano. Yeye alikuwa hajaambiwa hilo. Nilifurahi isivyo kawaida.

Nyimbo zenyewe nilizipata kwenye kaseti, mstari mmoja mmoja: sikiliza, simamisha, rudisha nyuma, sikiliza tena. Betri zilipochoka mkanda ulipunguza mwendo na sauti zote zikashuka pamoja, mwimbaji wa kike akageuka mzee wa makamo, nami nikalegeza nyuzi zote sita ili nilingane na betri. Mama aliuliza mara moja tu kwa nini siku hizi nyimbo zetu zina huzuni.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna sehemu ambayo sijivunii. Binti yangu wa kwanza alipofika miaka 6 nilimnunulia kinanda kidogo na kumpangia ratiba: nusu saa kila siku baada ya kazi za shule. Mimi, mwanafunzi wa friji! Nilikuwa nakaa pembeni yake. Akikosea sikusema neno, ila nilikuwa navuta pumzi, na watoto husikia pumzi. Baada ya miezi michache alikifunika kwa kitambaa mwenyewe, vizuri, akakunja pembe kama mtu anayetandika kitanda. Sijawahi kumlazimisha tena na yeye hajawahi kukifunua. Anapenda kusikiliza, hilo namshukuru.

Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani, alifananisha muziki na lugha ya kwanza ya mtoto: hakuna mtoto anayefundishwa lugha ya mama yake kwa ratiba, anaisikia kwanza kwa muda mrefu, kisha siku moja anaitamka vibaya na nyumba nzima inashangilia. Wanafunzi wa njia yake husikiliza kanda za vipande wanavyojifunza kila siku nyumbani. Ila njia hiyohiyo inamtaka mzazi akae darasani na mtoto, na hapo ndipo mimi nisingefaa. Pumzi zangu zingeonekana.

Kwa mdogo wake nimejaribu jambo jingine, ambalo ni kutojaribu. Gitaa limeegemea ukutani mahali anapolifikia, lina mikwaruzo, na sheria ni moja tu, asilikalie. Naimba nikiwa naosha vyombo. Siulizi kitu.

Tatizo ni friji. Hizi za sasa hazivumi. Tuliyo nayo inabadilisha mwendo wa mota yake kadiri inavyotaka, inanong'ona, ukitega sikio unapata noti moja na ukigeuka imehamia kwingine. Nilishajiambia kwamba basi, huyu atakosa mwalimu wangu.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga nguo chumbani nikasikia mashine ya kufulia inaanza kukamua. Mnajua inavyofanya: inaanza chini kwa kunguruma, inapanda, inapanda, mpaka inapiga mluzi. Na ndani ya mlio ule nikasikia mwingine. Nikaenda polepole mpaka mlangoni. Ana miaka 5. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo cha mashine, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye bati, midomo imefungwa, anapanda nayo. Alikwenda nayo mbali kuliko nilivyotegemea. Mwishoni sauti ikamkatika, mashine ikamwacha, akakohoa.

Akasubiri isimame. Akafungua mlango, akazitoa nguo moja moja akaziweka sakafuni, ambapo zililowana upya, akaufunga, akabonyeza kitufe. Mashine tupu ikaanza kuzunguka. Nikarudi chumbani bila kukanyaga kwa nguvu.